Barua kwa Nyemo: wageni wanaokuja kujitolea kwetu

Mwanangu Nyemo,

Mbukwa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na baba yako hapa barazani. Unasema wanafunzi 11 wa vyuo vya Marekani wanakuja wilayani kwetu Kongwa mwezi wa sita kwa wiki tatu, na wewe umeombwa uwe mkalimani wao. Ukauliza, "Mama, hawa wanalipa fedha nyingi kuja kujitolea huku. Wanakuja kwa ajili yetu au kwa ajili yao? Niikubali hii kazi?" Jambo hili haliishi kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia.

Kazi ikubali. Wanakuja kwa ajili yao, na mimi sioni kosa katika hilo. Kijana wa miaka 20 anayetamani kuona watu wengine wanavyoishi ana moyo mzuri. Hata wewe ulipokwenda JKT baada ya kidato cha sita ulirudi na macho mengine. Ninachokiogopa ni pale mtu aliyekuja kujifunza anapopewa kazi ya mwalimu, ya fundi au ya mlezi kwa sababu tu ametoka mbali.

Hili nililiona nikiwa mwalimu, katika shule ambayo sitaitaja. Walikuja vijana 14, nao pia mwezi wa sita, kwa kuwa ndipo vyuo vyao hufunga. Na sisi, kama ujuavyo, mwezi wa sita tunafunga. Mwalimu mkuu hakutaka kuwavunja moyo wageni, akapeleka habari vitongojini kwamba watoto warudi shule. Watoto wakaacha uwele shambani, ambako mama zao walikuwa wanavuna na kuwahitaji, wakaja kufundishwa nyimbo za Kiingereza. Methali inataka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Hawa walikuja na jembe lao, mwezi ambao hakuna wa kulima.

Kisha wakapaka rangi madarasa. Ukutani mwa darasa la tatu palikuwa na ramani ya Tanzania niliyoichora na watoto kwa wiki mbili, mikoa yote, na reli ya kati inayokatiza Dodoma kwenda Kigoma. Asubuhi moja nilipeleka chai nikawakuta wameshika brashi mbele yake. Nikamwambia mkalimani wao, kijana wa mjini, kwa Kiswahili: "Hiyo ramani tunaitumia." Akanijibu, "Mama, wameshachanganya rangi." Hakuwaambia kitu. Nami Kiingereza changu kilikuwa cha kuandika ubaoni, sikuthubutu. Nikasimama mlangoni na birika mkononi mpaka Kigoma ikafutika.

Wale vijana hawakuwa wabaya. Binti mmoja alilia siku ya kuondoka. Ninaamini kabisa kwamba kama angejua, angeweka brashi chini. Kwa hiyo ukiniuliza nani alinikosea siku ile, jibu langu ni mkalimani. Ndiyo sababu nataka kazi hii uifanye wewe.

Huku kwetu hamu ya wageni ina historia ndefu. Babu yako alikuwa kibarua kwenye mradi wa karanga. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Serikali yao ikapanga kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na mwaka 1947 kazi ikaanzia hapa Kongwa. Wengi waliokuja walikuwa wametoka vitani, na babu yako alisema walikuwa na hamu ya kweli ya kujenga kitu baada ya miaka ya kuua. Wakakutana na mibuyu inayovunja mashine, na udongo ambao mvua ikikatika unakauka kama tofali, karanga zimo ndani na hazing'oki. Mvua nazo zikawakimbia. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, zaidi ya pauni milioni 35 zimeshapotea. Mzee alikuwa akisema Mgogo yeyote angewaeleza habari za mvua za hapa, laiti angeulizwa.

Miaka 10 baadaye mambo yalikwenda vingine. Rais Kennedy wa Marekani alianzisha Peace Corps, shirika la kupeleka vijana wa kwao kujitolea nchi nyingine, Machi 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wake. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitaja inachohitaji: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia wa kusaidia kazi za barabara. Wakaletwa hao. Tofauti unaiona mwenyewe.

Na kuna jambo la hapa hapa Kongwa ambalo ningependa uwasimulie wageni wako, kwa sababu linawahusu kama wanafunzi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unawaona wazee waliopofuka kwa vikope, kope zimegeukia ndani zinakwaruza jicho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walianza kuufuatilia ugonjwa huo hapa wilayani miaka ya 1980, wakawa wanarudi mwaka hadi mwaka. Ilijulikana kwamba uso mchafu wa mtoto huvuta nzi na kueneza ugonjwa. Mtu mwenye haraka angetundika mabango ya kuwaambia akina mama waoshe watoto, akaondoka. Lakini maji yalikuwa mbali, na akina mama waliamini kuosha uso kunakula maji mengi kuliko wanayoweza kutoa. Basi watafiti wale wakakaa na wanakijiji, wakapima maji pamoja, ikaonekana lita moja inaosha nyuso za watoto wengi sana. Mwaka 1995 matokeo ya utafiti wao wa kuosha nyuso yalichapishwa, yakasomwa na madaktari wa nchi nyingine zenye vikope. Kilichosomwa huko kilikuwa kimeanzia kwenye ndoo ya mama wa Kongwa.

Kitu kimoja nakukataza, na hapa naongea kama mama yako. Wakitaka kupelekwa kwenye kituo cha kulelea yatima wakacheze na watoto wiki mbili kisha waondoke, usiwapeleke. Watoto wengi wanaoishi kwenye vituo vya namna hiyo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Umaskini ndio uliowafikisha pale. Palipo na wageni wanaolipa ili wawabebe yatima, yatima hutafutwa. Mwishoni mwa 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto waliokosa malezi ya wazazi, na madhara ya kujitolea kwenye vituo hivyo yalitajwa humo. Mimi nimefundisha watoto waliotoka vituoni. Mtoto wa miaka 5 anayemkumbatia kila mgeni anayeshuka kwenye gari, watu husema ni mchangamfu. Mwalimu akimtazama anaona mtoto aliyeachwa mara nyingi mno.

Sasa, kabla hawajafika, nenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji na kwa mwalimu mkuu, uwaulize wanataka nini, tena uwaulize wakiwa peke yao. Waulize na waandaaji kama vibali vya Uhamiaji vipo, maana viza ya utalii hairuhusu kazi, hata ya bure. Kama ni kupaka rangi, wawe wasaidizi wa fundi wa kijijini, naye fundi alipwe ujira wake kamili. Kama ni darasani, wakae dawati la nyuma wasikilize. Shule ikiwa imefungwa, watoto waachwe na likizo yao.

Na unapotafsiri, usimung'unye maneno. Watu wetu wana heshima nyingi mbele ya mgeni. Bibi atasema "asanteni sana, karibuni tena" huku ana neno jingine moyoni. Mfuate pembeni, mwamkie kwa Kigogo, umuulize. Akikwambia, rudi ukaliseme lote kama alivyolisema. Na wageni nao wakiuliza swali linaloonekana la kijinga, lipeleke kama lilivyo, ndivyo wanavyojifunza. Nakuambia hivi kwa sababu najua una huruma, na huruma humfanya mkalimani apunguze chumvi kwenye kila chungu.

Uliniuliza pia, mwisho kabisa wa ujumbe, kwa sauti ya chini, kwa nini wenzako wa chuo hawana hamu kama hiyo ya kwenda vijijini. Sikuwa na jibu la haraka. Fildi yako ya kufundisha ya mwaka wa kwanza uliomba shule ya mjini, karibu na chuo, na mimi nilikuunga mkono kwa sababu nauli ilikuwa ya shida. Leo najutia kidogo. Fildi ijayo omba ya huku, nauli baba yako na mimi tutaitafuta. Darasa la tatu pale shuleni lina watoto zaidi ya 90 na mwalimu mmoja, na wewe huhitaji mkalimani.

Jumamosi yao ya kwanza walete nyumbani. Uwele utakuwa bado uwanjani, tutaupura pamoja. Waambie waje na viatu vya kufunika mguu na kitambaa cha kichwa, vumbi lake linawasha. Ilende, ile mboga yetu ya mlenda, nimeshaanika. Kabla hatujala nataka kila mmoja aniambie kwao mama yake hupika nini, nawe unitafsirie.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako