Maswali ya wasomaji: rangi ya buluu katika maji ya chumvi

*Mwalimu, sianobakteria wangu wa maji ya chumvi (bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea) walikuwa kijani-buluu. Wiki ya tatu chupa zote zimegeuka manjano. Nimezidisha chumvi? (Mwanafunzi, Mbarara)*

Nadhani wana njaa. Fikosianini, ile rangi ya buluu, ni protini yenye naitrojeni tele. Nitrati, chumvi inayowapa naitrojeni, ikiisha majini, seli huivunja rangi yake yenyewe ili iendelee kuishi. Tia nitrati ya sodiamu. Kati ya michanganyiko ya maabara ya kuwakuzia, ule uitwao BG-11 una gramu 1.5 za nitrati hiyo kwa lita, na uitwao Zarrouk 2.5. Kijani kikirudi baada ya siku chache, ilikuwa njaa.

Lakini chumvi nayo usiisahau. *Aphanothece halophytica*, sianobakteria mmojawapo wa maji ya chumvi, hujikinga na chumvi kwa kutengeneza betaini, kemikali ya kinga ndani ya seli, nayo betaini hutaka naitrojeni. Kwa hiyo nitrati inayotosha kwenye maji ya chumvi kidogo huenda isitoshe kwenye maji makali.

*Basi nipime chumvi kwanza, nitrati baadaye? (Yuleyule)*

Hapana, ndugu yangu, zipime pamoja. Viwango vitatu vya chumvi kwa vitatu vya nitrati ni chupa 9. Rudia mara tatu, 27. Ni kazi, najua, hasa maabara ikiwa na taa chache. Ukipima kimoja kimoja, hutaona jinsi chumvi inavyobadilisha mahitaji ya nitrati, na hapo ndipo penye jibu lako. Fosfati, magnesi na chuma viache palepale kwa sasa.

*Nina jaruba la chumvi kwenye ziwa Katwe, nataka kuwakuza humo. Urea ya shambani ni rahisi kuipata. Itafaa? (Mama wa chumvi, Kasese)*

Inafaa mama, kwa kiasi kidogo sana, kila siku au kila baada ya siku mbili. Urea huzaa amonia, na maji ya magadi kama ya Katwe huigeuza kuwa gesi inayoua seli. Ukimwaga yote kwa mkupuo, utaamka ukute bwawa limekufa. Jaribu kwenye beseni kwanza, tafadhali.

*Jua kali huongeza buluu? (Kampala)*

Hupunguza. Fikosianini hukusanya mwanga. Mwanga ukizidi, seli haiihitaji sana. Weka kivuli chepesi. Hata wakati wa kukausha, usipitishe nyuzi 45, maana joto huiharibu.

*Heroe (flamingo) wa ziwa Munyanyange wanakula viumbe hawa. Nasi je? (Bwera)*

Msile mlichochota ziwani. Baadhi ya sianobakteria wana sumu inayoharibu ini, na kwa macho huwezi kuwatofautisha.