Uungwana na Hila Uwanjani: Maswali Yenu, Majibu Yangu

Safari hii maswali mengi yamehusu uanamichezo wa wale wa daraja la juu, tunaowaona Olimpiki, Kombe la Dunia na kwenye mbio za kimataifa. Nimechukua yale yanayozua ubishi zaidi.

Mwaka 2010 Luis Suárez aliunawa mpira golini na kuinyima Ghana nusu fainali. Rafiki yangu mmoja anamwita mwizi, mwingine anasema alijitoa mhanga kwa ajili ya nchi yake. Wewe uko upande gani?

Tukumbuke kwanza ilivyokuwa. Johannesburg, tarehe 2 Julai 2010, robo fainali ya Kombe la Dunia, timu ziko 1-1 na muda wa nyongeza unayoyoma. Mpira unagombaniwa golini mwa Uruguay. Suárez, aliyesimama juu ya mstari, anazuia shuti la kwanza kwa mguu. Dominic Adiyiah anaurudisha kwa kichwa, na hapo Suárez anaupangua kwa mikono miwili kama golikipa. Kadi nyekundu, penalti. Asamoah Gyan anapiga, mpira unagonga mtambaa panya na kupaa. Suárez, aliyekuwa akitoka huku analia, akaonekana akiruka kwa furaha. Uruguay ikashinda kwa mikwaju ya penalti 4-2, na Afrika ikalazimika kungoja hadi Morocco ya mwaka 2022 ndipo ipate timu ya kufika nusu fainali.

Iliniuma wakati ule na bado inaniuma. Hata hivyo simwiti mwizi, kwa sababu mwizi hujificha. Suárez aliunawa mpira mbele ya refa na ya dunia nzima, akatolewa, akakosa mechi iliyofuata, na Ghana ikapewa nafasi ya kufunga kutoka mita 11. Adhabu yote iliyokuwa kwenye kitabu cha sheria aliilipa. Ninachomlaumu ni kilichofuata. Alijisifu kwamba sasa “mkono wa Mungu”, jina maarufu la bao la mkono la Maradona la mwaka 1986, ni wake, na mwaka 2022, kabla ya timu hizo kukutana tena Qatar, alisema haombi radhi kwa kuwa si yeye aliyekosa penalti. Mtu anaweza kulipa faini yake na bado akawaheshimu aliowaumiza. Hakufanya hivyo.

Lawama kubwa zaidi naipeleka kwa sheria yenyewe. Katika mpira wa kikapu, mlinzi akiugusa mpira unaoshuka kuelekea kikapuni, pointi huhesabiwa kana kwamba umeingia. Katika raga, faulo ikizuia trai, yaani bao la mchezo huo, ambayo ingefungwa, refa huwapa walioonewa trai yao. Soka humpokonya mtu bao lililokuwa linaingia na kumrudishia bahati nasibu. Sioni kwa nini lisiige wenzake.

Refa asipoona kosa langu, nina wajibu gani wa kulisema? Si kazi yake kuona?

Ni kazi yake, lakini kutoona kwake hakufanyi kisicho chako kiwe chako. Tarehe 22 Juni 1986, nchini Mexico, Diego Maradona alimtangulia kipa Peter Shilton wa Uingereza na kuusukuma mpira wavuni kwa ngumi. Refa Ali Bin Nasser wa Tunisia akalikubali bao. Dakika nne baadaye Maradona akachukua mpira upande wake wa uwanja, akawapiga chenga mmoja baada ya mwingine mpaka akafunga bao ambalo wengi hawajaona zuri kulishinda. Hiyo ndiyo sehemu inayonisikitisha: mwenye kipaji cha kufunga lile la pili hakuhitaji kubeba lile la kwanza maisha yake yote.

Thierry Henry, Novemba 2009, aliunawa mpira kabla ya kumpasia William Gallas afunge, Ufaransa ikaenda Kombe la Dunia Afrika Kusini na Ireland ikabaki. Alikiri, lakini baada ya kipenga cha mwisho. Baadaye akasema haki ni mechi irudiwe, lakini FIFA ilikuwa imeshakataa. Simdharau kwa kukiri, ila kukiri ambako hakubadilishi matokeo hakumgharimu alichokipata.

Linganisha na Adam Gilchrist wa Australia katika Kombe la Dunia la Kriketi la mwaka 2003, mashindano yale yale ambayo Kenya nayo ilifika nusu fainali. Katika nusu fainali dhidi ya Sri Lanka, mpira uligusa gongo lake ukadakwa, jambo linalomtoa mpigaji, lakini mwamuzi akaamua kwamba hajatoka. Gilchrist akageuka, akaondoka mwenyewe kiwanjani. Alifanya hivyo mechi ikiwa bado mbichi, wakati kusema kweli kulikuwa na gharama. Huo ndio wakati wa kusema.

Kuna kisa cha Mhispania aliyekataa kumpita Mkenya aliyesimama kabla ya mstari wa kumalizia. Kocha wangu anasema yule alikuwa mjinga, mbio haziishi mpaka ziishe. Ana hoja?

Hayuko peke yake. Kisa chenyewe ni cha tarehe 2 Desemba 2012, mbio za nyika za Burlada, Navarra. Abel Mutai, ambaye miezi michache nyuma alitwaa shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya London, alikuwa anaongoza bila wasiwasi. Akadhani amekwisha kumaliza, akapunguza mwendo ikiwa imebaki kama mita kumi. Watu wanampigia kelele kwa Kihispania, haelewi. Iván Fernández Anaya akamfikia. Badala ya kumpita, akabaki nyuma yake na kumwonyesha kwa ishara za mkono aendelee mbele, mpaka Mutai akavuka wa kwanza.

Kocha wa Anaya alikuwa Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1995, na hakufurahi. Alisema kitendo kile kilimfanya kijana wake kuwa mtu bora, si mwanariadha bora. Anaya mwenyewe alizungumza kwa uwazi ambao ninauheshimu mno: alikubali kwamba ingekuwa medali ya Ulaya au ya dunia, huenda angeitumia nafasi ile. Watu hupenda kukiacha kipande hicho wanaposimulia. Mimi naona ndicho kinachokifanya kisa kiwe cha binadamu wa kweli, aliyepima jambo na kujua mpaka wa uungwana wake uko wapi.

Kocha wako yuko sahihi kwamba kujua mstari ulipo ni wajibu wa mkimbiaji. Angepita, sheria isingemgusa. Lakini mbio zile ziliwekwa ili kujua nani ana miguu na pumzi zaidi siku ile, na jibu lilikuwa limepatikana. Anaya alimwachia Mutai kitu ambacho tayari kilikuwa cha Mutai.

Basi mbona wale Waafrika watatu wa Beijing walilaaniwa? Nao si walimwachia mwenzao?

Umeuliza vizuri, maana kwenye picha matukio hayo mawili yanafanana: mtu anapunguza mwendo na kumpungia mwenzake apite. Tarehe 14 Aprili 2024, katika nusu marathoni ya Beijing, Robert Keter na Willy Mnangat wa Kenya pamoja na Dejene Hailu wa Ethiopia walikuwa bega kwa bega na He Jie, bingwa wa marathoni wa Michezo ya Asia. Karibu na mwisho wakaonekana wakiashiria mstari, wakapunguza kasi, naye akamaliza wa kwanza kwa 1:03:44, wao wakiwa sekunde moja nyuma. Baada ya uchunguzi, matokeo ya wote wanne yalifutwa na zawadi zikarudishwa.

Mnangat alieleza kwamba walikodiwa kuweka kasi, yaani kukimbia mbele ili mwingine afuate mwendo wao. Kazi hiyo ni halali, na rekodi nyingi za masafa marefu zimepatikana kwa msaada wa watu wa aina hiyo. Tatizo ni kwamba hawakuvaa alama ya waweka kasi. Watazamaji na wakimbiaji wengine walidhani hayo ni mashindano ya watu wanne. He Jie akapewa ushindi ambao haukuwa umeamuliwa na miguu, na waliodanganywa ni sisi. Burlada haki ilirudi kwa mwenyewe, Beijing ilihamishwa. Wala sipendi lawama ziishie kwa wakimbiaji watatu wa kukodiwa. Waliowaalika na kuwavalisha namba za washindani ndio walioanzisha uongo.

Barshim na Tamberi kugawana dhahabu Tokyo, huo si woga wa kushindana?

Hapana. Mutaz Essa Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia walikuwa wamesharuka mita 2.37 wote na kushindwa mara tatu kila mmoja kwenye 2.39, tena bila tofauti ya makosa kabla ya hapo. Sheria ya kuruka juu iliwaruhusu kuchagua. Tamberi alikosa Olimpiki ya 2016 kwa jeraha la kifundo cha mguu, na Barshim naye alipitia jeraha kama hilo mwaka 2018. Barshim alipomuuliza ofisa kama wanaweza kupata dhahabu mbili, alikuwa anauliza kuhusu mtu ambaye yeye Barshim alijua vizuri jinsi alivyoteseka.

Paris 2024, Hamish Kerr wa New Zealand na Shelby McEwen wa Marekani walifungana kwenye 2.36, wakachagua kuendelea, Kerr akashinda. McEwen alisemwa vibaya kwa kupoteza dhahabu ya bure. Kusemwa huko hakukuwa haki hata kidogo. Hakuna aliyekosea kati ya wanne hawa.

Mchezaji akikataa kumpa mpinzani mkono, aadhibiwe?

Inategemea anakataa nini. Mwaka 2016 huko Rio, mwanajudo Islam El Shehaby wa Misri alipigwa na Or Sasson wa Israel, akakataa mkono wake, akarudishwa nyumbani. Julai 2023 huko Milan, Olha Kharlan wa Ukraine alimshinda Mrusi Anna Smirnova katika mchezo wa vitara, akamnyooshea ncha ya silaha kama salamu badala ya mkono. Smirnova akagoma kuondoka kwa muda mrefu, Kharlan akaondolewa mashindanoni kwa kuvunja kanuni. Baadaye shirikisho la mchezo huo likalegeza kanuni yenyewe, na Kharlan akatwaa shaba na dhahabu ya timu Paris.

Msimamo wangu: heshima kwa mpinzani idaiwe, ila salamu ya mbali itoshe. Kumlazimisha mtu ambaye nchi yake inapigwa makombora ashike mkono mbele ya kamera hakumfundishi mtu yeyote uungwana.

Kupoteza makusudi ili upate njia rahisi mbele, je, ni mbinu au ni aibu?

Ni aibu, ingawa mara nyingi waandaaji ndio huifungulia mlango. London 2012, jozi nne za wanawake katika badmintoni, moja ya China, moja ya Indonesia na mbili za Korea Kusini, zilifukuzwa kwa kujaribu kushindwa. Walikuwa wanaanzisha mpira na kuupiga kwenye wavu kwa makusudi, ukumbi mzima ukizomea. Kila jozi ilikuwa imefanya hesabu yake kuhusu jozi itakayokutana nayo baada ya makundi.

Gijón, Hispania, kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1982, ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kulikuwa na mhanga. Algeria ilikuwa imeifunga Ujerumani Magharibi 2-1 na imeshamaliza mechi zake. Ujerumani na Austria zikajua kwamba Ujerumani ikishinda kwa bao moja au mawili, zinapita zote. Bao likaingia dakika ya 10, kisha mpira ukawa wa kupasiana tu mpaka mwisho, na Algeria ikatoka. Hatua iliyofuata ndiyo dawa halisi: FIFA ikaamua mechi za mwisho za makundi zichezwe kwa wakati mmoja.

Wengine mmetaja Japani mwaka 2018, ilipokuwa nyuma 1-0 dhidi ya Poland na ikaridhika kupiga pasi za nyuma, ikaitoa Senegal kwa kuwa na kadi nne za njano dhidi ya sita. Hilo sikulipenda hata chembe kulitazama. Lakini Japani haikula njama na Poland, na ingetolewa kama Senegal ingesawazisha dhidi ya Colombia. Walicheza kamari na wakapata.

Kumsaidia mwenzako aliyezidiwa katikati ya mbio kunaruhusiwa?

Mara nyingine kuna bei. Kwenye mashindano ya dunia ya riadha, Doha 2019, Braima Suncar Dabó wa Guinea-Bissau alimshika Jonathan Busby wa Aruba aliyekuwa hajiwezi, akamkokota hadi mwisho wa mita 5,000. Dabó alipata tuzo ya uanamichezo, Busby akaondolewa kwenye matokeo kwa kusaidiwa. Kanuni haina kosa, na Dabó pia hana.

Bingwa aliyenyang'anywa haki na mla dawa anaweza kuwa na kosa lile lile?

Anaweza. Asbel Kiprop alimaliza wa pili nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain kwenye mita 1,500 Beijing 2008, akapewa dhahabu baadaye Ramzi alipokutwa na dawa. Alikosa kusimama jukwaani na kusikia wimbo wa taifa lake, kitu kisicholipika. Kisha sampuli yake ya Novemba 2017 ikakutwa na EPO, dawa iliyopigwa marufuku inayoongeza chembe nyekundu za damu, akafungiwa miaka minne, huku mwenyewe akikana. Ile dhahabu ya 2008 naihesabu kuwa ni yake kwa haki, na ile adhabu naihesabu pia.