Burj Khalifa: nunua asubuhi yenye hewa safi, usinunue ghorofa

Mkuu mleta uzi, umesema unakuja Dubai mwezi wa kwanza kufata mzigo, ukishamaliza utabakiwa na siku moja ya kupumzika na unataka kujua kama kupanda Burj Khalifa kuna thamani ya hela, ukate tiketi ya ghorofa ya 124 au ya 148, na uende jioni kama wanavyoenda wengi au mda mwingine. Mi nipo hapa Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, kwenye mambo ya kago, na wageni wangu wengi toka Kariakoo wakishafunga mizigo yao wanataka wapelekwe pale, kwahiyo nimepanda na watu wa kila aina na misimu tofauti. Panda mkuu, usirudi bila kupanda. Ila panda asubuhi, 124 inakutosha kabisa, na tiketi usiinunue mpaka uione hali ya hewa ya siku yenyewe.

Naanza na hili la mda maana ndo watu wengi wanapoteza hela zao. Saa ya jua kuzama ndo tiketi yake iko juu kuliko zote na ndo watu wanajazana mpaka kufika kwenye kioo unasubiri zamu. Sasa angalia pwani ya Dubai ilivyokaa, bahari iko upande wa kaskazini magharibi, yani jioni ukiitazama bahari jua linakuchoma machoni na maji yote yanakuwa mng'ao mtupu, kwenye picha ndo kabisa hutoi kitu. Asubuhi ni kinyume chake, jua liko mgongoni kwako linaimulika bahari na fukwe zote za Jumeirah, unaona maji ya karibu na ufukwe yana rangi ya kijani alafu yanageuka bluu nzito kadri yanavyoingia kina, unaona vile visiwa vya kutengeneza vya The World vimetapakaa huko mbele, na unauona mfereji ulivyokatiza mji kutoka Business Bay mpaka ukamwaga baharini, ule waliofungua 2016.

Na kuna kitu kimoja cha asubuhi huwa namwonesha kila mgeni. Miezi hii ya baridi jua linakuwa chini, basi kivuli cha jengo lenyewe kinalala chini upande wa baharini, kirefu na chembamba, kinapita juu ya mapaa ya nyumba kilomita na zaidi, ukikaa pale robo saa unakiona kinavyosogea na kufupika. Ndo hapo mtu anaelewa mita 828 ni nini, namba peke yake haikwambii kitu.

Hewa sasa. Kiangazi cha huku, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, kuna joto la unyevu na vumbi, unapanda unakuta mji wote umefunikwa na weupe hata bahari huioni vizuri, yani unalipa kuangalia utusitusi. We unakuja mwezi wa kwanza umelenga penyewe, ila bado kuna asubuhi nyingine zina ukungu mzito wa chini na kuna siku upepo wa shamali unaleta vumbi. Siku nzuri kuliko zote ni ile inayofata baada ya mvua. Njia yangu ni rahisi sana, ukiamka toka nje au panda juu ya hoteli yako hapo Deira uangalie, kama mnara unauona umekatika vizuri na ncha yake inaonekana basi nunua onlaini hapohapo kwenye simu, katikati ya wiki asubuhi mara nyingi nafasi zipo. Kama umefifia, subiri ukungu uondoke au ahirisha.

Kuhusu 124 na 148. Ya 124 iko mita 452, ya 148 iko mita 555, na bei ya 148 ni mara mbili na zaidi, wanakupa vinywaji na sehemu ya kukaa na foleni inakuwa nyepesi. Lakini piga hesabu ya upeo wa macho, kutoka mita 452 mwisho wa kuona kwenye bahari tulivu ni kama kilomita 76, kutoka mita 555 ni kama kilomita 84. Unaongezewa kilomita nane tu, na hizo zinataka hewa safi kwelikweli. Kwa kukusaidia kupata picha, kutoka Posta Dar mpaka Mji Mkongwe Unguja ni kama kilomita 73 kwa mstari ulionyooka, kwahiyo jengo kama hili lingekuwa Posta basi siku ya hewa safi ungeiona Unguja imelala kule mbele. Hiyo ndo 124, na mi naona inatosha. Ya 148 nenda kama una mzee asiyeweza kusimama kwenye foleni, hapo hela inakuwa na kazi.

Ukifika 124 usiishie ndani, toka kwenye baraza la nje, kati ya kioo na kioo kuna upenyo mwembamba, simu inapita, picha ya hapo haina mng'ao wa kioo. Ishike kwa mikono miwili. Picha zile wanazokupiga chini ukiwa kwenye foleni hulazimiki kununua, mwambie hapana kwa heshima na upite. Lifti inaenda mita 10 kwa sekunde, masikio yataziba kidogo, meza mate. Foleni ya kushuka nayo ina mda wake kwahiyo usipange appointment ya muuzaji saa hiyohiyo.

Wageni wengi wananiuliza kama linayumba. Wahandisi wamelijenga kwa mbawa tatu kama herufi Y, na kila linavyopanda linapungua kwa ngazi ngazi ili upepo usipate umbo moja la kulisukuma kwa mpigo, na chini limekaa kwenye nguzo 192 zilizozamishwa ardhini kama mita 50. Mwenye hofu ya urefu mwambie hilo, anatulia.

Kwa sisi waislamu kuna jambo linanigusa sana hapo. Mwaka 2011 ilitolewa fatwa hapa Dubai kwamba wanaokaa juu ya ghorofa ya 80 wasubiri dakika mbili zaidi kufuturu, na juu ya 150 dakika tatu, maana wao jua bado wanaliona wakati wa chini limeshazama. Jengo moja, magharibi tatu. Kila Ramadhani nikiliangalia nalikumbuka hilo.

Usafiri panda metro laini nyekundu, Union au Al Rigga, shuka stesheni ya Burj Khalifa/Dubai Mall, alafu kuna njia ndefu ya juu yenye kiyoyozi mpaka ndani ya mall. Tenga nusu saa kuanzia kwenye treni mpaka mlango wa kupandia, ni mwendo. Chemchemi za jioni ziangalie chini, ni bure na juu zinaonekana kadogo tu.

Kama bajeti imebana kabisa baada ya mzigo, nenda Dubai Frame, lile jengo la umbo la fremu ya picha pale Zabeel, ni mita 150 tu na tiketi yake ni nafuu mno, upande mmoja unaona Deira na Karama, upande wa pili Sheikh Zayed Road na Burj Khalifa yenyewe, ambayo ukiwa ndani yake huioni. Na kama shida yako ni kuliona umbo la mtende la kile kisiwa cha kutengeneza cha Palm Jumeirah, nenda The View, sehemu ya kutazamia iliyo juu pale Palm penyewe, kwenye Burj Khalifa uko mbali mno na unaonekana bapa.

Ukishajua tarehe weka hapa, nitakwambia hewa ya wiki hiyo ikoje.