Kurekodi redio kwa kinasa sauti kidogo: achana na spika, tumia waya

Mdau wa Nansio, umesema mzee wako atahojiwa redioni Jumamosi, unataka kumrekodi kwa kinasa sauti kidogo, na ulipokijaribu mbele ya spika sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Nakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili lilinigharimu.

Mwaka 2017 mama yangu alihojiwa na redio moja ya hapa Mwanza kuhusu kuanika dagaa. Mimi nilibaki nyumbani Igoma, redio mezani, kinasa mbele yake. Mvua ikaanza kupiga bati, na kinasa kikachukua bati kuliko mama. Nikachomeka waya haraka kutoka tundu la hedifoni la redio kwenda tundu la maiki la kinasa. Sasa sauti ikawa inapasuka kila alipopaza. Mwishoni ndipo nilipopunguza sauti ya redio hadi karibu kuzima, na dakika nne za mwisho zikatoka safi. Mama ameshatangulia mbele za haki. Nilizonazo ni hizo nne: anaeleza tofauti ya dagaa wa kwenye chanja na wale wa mchangani, na unasikia anavyovuta pumzi kabla ya kucheka.

Kilichopasua sauti ni hiki. Tundu la maiki linatarajia kupokea umeme wa sauti mdogo mno, wa milivolti chache tu, wakati tundu la hedifoni hutoa mara mia ya huo au zaidi. Kwa hiyo angalia kwanza kama kinasa chako kina tundu lililoandikwa LINE IN, yaani la kupokea sauti kubwa kutoka kifaa kingine. Kikiwa nalo, tumia hilo, umemaliza. Kikiwa na la maiki peke yake, mwambie fundi redio akutengenezee waya wenye rezista mbili (vipande vinavyopunguza umeme) kwa kila upande wa sauti, kushoto na kulia: ya kilo-omu 10 kwenye njia ya sauti, na ya omu 100 kutoka hapo kwenda kwenye waya wa ardhi, kwenye ncha inayoingia kwenye kinasa. Inashusha sauti takribani mara mia. Kwenye menyu ya kinasa zima umeme wa maiki, maana vinasa vingi hupeleka umeme kidogo kwenye tundu hilo.

Kagua pini pia. Hesabu pete nyeusi zilizo juu yake: mbili ndiyo ya stereo, na ndiyo unayoitaka. Yenye pete moja, ukiichomeka kwenye redio ya stereo, hugusisha upande mmoja na ardhi. Yenye tatu ni ya simu, na mara nyingi haikai vizuri kwenye tundu la redio.

Zima ule mpangilio wa kinasa kujirekebishia sauti chenyewe. Mzee akinyamaza kufikiri, kinasa hupandisha mvumo hadi ujae, akianza kusema kinaushusha; msikilizaji anachoka. Panga kwa mkono, na sauti ya juu kabisa iishie kwenye -12 dB hivi kwenye kipimo cha kinasa, sio kwenye 0.

Vyote viwili vitumie betri. Nikiweka redio kwenye chaja na kinasa kwenye chaja napata mvumo wa umeme ambao hautoki tena. Na betri ziwe mpya: kinasa kikizimika katikati, faili linaweza lisifunguke kabisa.

Kitu ambacho wengi hawakijui: kwenye redio ndogo za FM waya wa hedifoni ndio antena. Ukibadilisha waya, mapokezi yanabadilika, kwa hiyo unyooshe, usiukunje chini ya redio. Kama stesheni iko AM, weka kinasa mbali kidogo na redio kwa sababu nacho hutoa kelele, kisha zungusha redio yenyewe polepole hadi kelele ipungue. Taa za LED na kontrola ya sola zizime kwa saa hiyo.

Rekodi kwa WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa. Saa moja ya stereo, 44.1 kHz na biti 16, hula takribani MB 635. Mono, yaani sauti ya njia moja, ni nusu yake, na kwa mazungumzo mono inatosha.

Ijumaa saa ile ile ya kipindi fanya jaribio la dakika kumi na stesheni hiyo hiyo, usikilize kwa hedifoni ukiwa umetulia. Jumamosi anza kurekodi robo saa kabla, na usiguse kitufe cha sauti cha redio hadi mzee aagwe na mtangazaji. Ukikwama kwenye ule waya, piga picha pini na matundu ya kinasa uweke hapa leo, nitakuangalizia.