Rangi za blanketi la bibi: anza na khanga zake

Ukimuuliza bibi anataka blanketi la rangi gani, atakujibu, "Yoyote, mjukuu wangu, mradi litie joto." Usimwamini. Anayo rangi yake, ila haoni sababu ya kukusumbua. Mimi hufumia ndugu zangu walioko Makete, ambako baridi ya Juni na Julai haina mzaha, na jibu huwa nalitafuta kwenye khanga. Achana na zile mpya zinazosubiri harusi. Tazama zilizopauka, anazojifunga kila siku. Rangi inayojirudia humo ndiyo yake.

Khanga hiyo itakufundisha na mpangilio. Ina pindo, ina mji, na rangi zake mara nyingi ni mbili au tatu tu: moja inatawala, ya pili inaisindikiza, ya tatu inachomoza hapa na pale. Ukiwa na rangi saba za kupendeza, pongezi, lakini nne zirudishe. Na pindo la blanketi ndilo linaloburuzwa sakafuni na kuvutwa hadi kidevuni, kwa hiyo mimi hulifuma kwa rangi iliyokolea: kahawia au damu ya mzee. Nyeupe kabisa siigusi kwa nyumba inayopikia kuni. Rangi ya maziwa inavumilia zaidi.

Kuna jambo ambalo wafumaji wengi vijana hatulifikirii: macho ya mzee. Umri ukisonga, lenzi ya jicho huelekea umanjano, bluu na kijani huanza kukaribiana, na bluu iliyokolea huonekana kama nyeusi. Mistari ya bluu na kijani iliyokukosha wewe dukani, yeye huenda asiione kabisa. Mpe rangi zinazopishana kwa mwanga, si kwa jina tu. Kipimo changu ni simu: panga madonge ya uzi, piga picha, igeuze iwe ya nyeusi na nyeupe. Yakitoka yote kijivu kimoja, badilisha mojawapo.

Taa za dukani nazo zinadanganya. Kariakoo mimi hutoka na madonge hadi mlangoni kwenye jua, muuzaji anune asinune. Kisha nazungushia nyuzi kwenye kipande cha boksi, kila rangi kwa upana ule ule nitakaofuma. Rangi mbili zinazopendana zikiwa madonge zinaweza kugombana zikiwa mistari.

Kwa wanaume wa familia kuna mtihani mwingine. Mjomba wangu ni Yanga wa kufa na kuzikana. Ukimfumia blanketi jekundu lenye nyeupe, atalala na baridi yake. Kijani na njano, hata kama huvipendi, ndiyo salama.

Uzi mwekundu na wa rangi zilizokolea ujaribu kwanza. Lowesha kipande kwa maji ya uvuguvugu, kifinye ndani ya kitambaa cheupe, uone kama kinachuja. Akriliki, uzi wa kiwandani wenye asili ya plastiki, haichuji kirahisi na bei yake inafikika, ila huyeyuka ikiguswa na moto. Kama mzee wako hukaa karibu na jiko akiwa amejifunika, tafuta sufu, ambayo haishiki moto upesi, hata kama rangi zake dukani ni chache.

Blanketi la sentimita 120 kwa 150, kwa uzi wa unene wa kati, linakula karibu kilo moja. Nunua zote siku moja, na ongeza donge moja la rangi inayotawala. Kwenye karatasi ya donge kuna namba ya mkupuo wa rangi, yaani nyuzi zilizotiwa rangi kwa pamoja. Hakikisha zinafanana, maana nyekundu ya mkupuo huu na ya ule huenda zisilingane. Zikikosekana za kutosha, fuma safu mbili kwa donge la mkupuo mmoja, mbili kwa la mwingine, ukipishanisha hivyo hadi mwisho. Tofauti itasambaa na mpaka hautaonekana.