Usijumlishe spidi mbili ukagawa kwa 2 (jibu kwa aliyeuliza wa safari ya Mtangawanda)

Simama hapo hapo, usijaze hilo tangi. Umeuliza tofauti ya umbali na mhamo, ya spidi na velositi, na mchapuko ni nini. Lakini katikati ya swali umeandika: Lamu hadi Mtangawanda (gati la kisiwa cha Pate) kilomita 24, kwenda boti tupu 24 kwa saa, kurudi na mzigo mkondo ukikupinga 12 kwa saa, "kwa hiyo wastani 18, mafuta lita 24". Kosa hilo nimeshalilipia mafuta, na kuona mtu analirudia kunaniuma.

Hesabu upya. Kwenda ni saa 1. Kurudi, 24 gawa kwa 12, ni saa 2. Umbali wote 48, muda wote saa 3: wastani ni 16. Injini yako inakunywa lita 9 kwa saa, basi unahitaji 27. Ukibeba 24 itazima zikiwa zimebaki dakika 20, yaani kilomita 4 kabla ya gati, na mzigo ndani. Tena ukipanga kurudi kwa 18, utategemea saa 1 na dakika 20. Utafika Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, umechelewa, maji yameshapwa, hupiti.

Sababu ni kwamba boti haikukaa muda sawa katika spidi hizo. Kwenye 24 imekaa saa moja, kwenye 12 saa mbili, kwa hiyo ile ya polepole inavuta wastani maradufu. 18 ingekuwa kweli kama ungekwenda saa moja kwa 24 na saa moja kwa 12. Jipime: ukienda kwa 12, urudi kwa spidi gani ili safari nzima iwe na wastani wa 24? Hakuna! Kilomita 48 kwa 24 ni saa 2, na saa 2 umezimaliza kwenda tu.

Wa kulaumiwa ni wanaouza vikaratasi vya fomula msimu wa mitihani. Wanaandika (u + v) ÷ 2 halafu kimya. Hiyo ni ya chombo chenye mchapuko (yaani kiwango cha velositi kubadilika kwa muda) usiobadilika, kinachotoka velositi ya mwanzo u hadi ya mwisho v kwa kiwango kilekile. Kumficha mwanafunzi sharti hilo ni kumdhulumu.

Mhamo ni mstari mnyoofu toka ulipoanzia hadi ulipo, pamoja na upande wake. Ukirudi gatini mhamo ni 0, velositi ya wastani (mhamo gawa kwa muda, si umbali gawa kwa muda kama spidi) ni 0, na lita 27 zimekwisha. Basi mafuta hesabu kwa umbali na muda wake, si kwa mhamo, na umbali usiupime kwa rula kwenye ramani, maana mlangoni boti inapinda.

Chora safu tatu: kipande cha safari, umbali, muda. Kama kipimo chako kinasoma maili za baharini, zidisha kwa 1.852 upate kilomita. Jumlisha umbali, jumlisha muda, ugawe mara moja tu mwishoni. Juu yake weka dumu la akiba. Kisha ziweke namba hapa tuzione kabla hujang'oa nanga.