Kuandika "muziki huu si wangu" hakukupi ruhusa

SWALI: Wakili, nakusalimu. Mimi ni mstaafu, naishi Tanga. Nina kanda nyingi za VHS za wanamuziki wa jazz wa Marekani, nilizorekodi kwenye televisheni nilipokuwa nafanya kazi Ulaya. Mjukuu wangu alinisaidia kuziingiza kwenye kompyuta na kuzipakia YouTube ili wapenzi wenzangu wazione. Sichukui pesa, na chini ya kila video nimeandika kwamba muziki si wangu na sina nia ya kukiuka hakimiliki. Sasa nina straiki mbili, yaani maonyo ya YouTube ya hakimiliki, moja ni ya Billie Holiday wa mwaka 1957, kitu cha zaidi ya miaka 60! Kwenye kundi letu la WhatsApp tumebishana hadi tumenuniana: wengine wanasema sekunde 30 zinaruhusiwa, wengine wanasema kitu kikipita miaka 50 ni huru. Kuna kijana anataka nimlipe aziondoe straiki, kisha azirudishe video zikiwa zimegeuzwa picha na kupandishwa sauti kidogo ili mitambo isizitambue. Nifanyeje?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Nianze na huyo kijana: usimpe hata senti, na kama umeshampa nywila, ibadilishe kabla hujaendelea kusoma. Nitamrudia.

Kwanza hayo maneno unayoandika chini ya video. Nakutana nayo karibu katika kila kesi ya namna hii inayofika mezani kwangu, na yameponza watu wengi wenye nia njema. Hayana kazi yoyote kisheria. Hakimiliki haiulizi nia yako, inauliza kama umeruhusiwa. Mtu akichukua pikipiki ya jirani na kubandika karatasi kwenye tangi, "pikipiki hii si yangu, sina nia ya kuiba," karatasi hiyo haigeuki kuwa ruhusa ya jirani. Ubaya zaidi, maneno hayo yanaweza kukugeukia. Sheria ya Marekani inampa mwenye haki aliyesajili kazi yake kwa wakati fidia ya kati ya dola 750 na dola 30,000 kwa kazi moja, na mahakama ikiridhika kwamba mkiukaji alifanya kwa makusudi, fidia inaweza kufika dola 150,000. Wewe umeshaandika mwenyewe, hadharani, kwamba ulijua si mali yako. Sisemi kuna mtu atakushtaki Tanga kwa sababu ya kanda za VHS. Ninachosema ni kwamba sentensi uliyodhani ni ngao ni ungamo.

Kutochukua pesa nako kunasaidia kidogo tu. Mahakama za Marekani zikipima kile wanachokiita matumizi ya haki, yaani kutumia kazi ya mtu bila ruhusa pale sheria inapokubali, huangalia mambo manne: umeitumiaje kazi hiyo na kwa lengo gani, ni kazi ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umeathiri vipi soko la mwenyewe. Pesa ni kipande cha jambo la kwanza. Anayeweka onyesho zima bure ameligusa la nne moja kwa moja, maana maonyesho ya zamani ya jazz kwenye televisheni yana soko. Kuanzia 2006, kwa mfano, mfululizo wa DVD uitwao Jazz Icons ulitoa maonyesho yaliyorekodiwa na vituo vya televisheni vya Ulaya, huenda baadhi yakiwa ndiyo hayo hayo uliyonayo.

Hesabu ya miaka ndiyo inayowachanganya zaidi wapenzi wa jazz, kwa sababu ndani yake kuna ukweli nusu. Chukua klipu yako. Kipindi cha kituo cha televisheni cha Marekani, CBS, kiitwacho The Sound of Jazz, kilirushwa moja kwa moja tarehe 8 Desemba 1957. Billie Holiday anaimba Fine and Mellow, nyuma yake wapo Lester Young, Coleman Hawkins, Ben Webster, Gerry Mulligan na Roy Eldridge. Wimbo aliutunga yeye mwenyewe na kuurekodi mara ya kwanza 1939. Alifariki 1959. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo kwa hesabu ya Tanzania utunzi huo ulikuwa huru baada ya 2009. Wenzako wa miaka 50 hawajaota, basi.

Lakini hiyo ni haki moja kati ya kadhaa, katika nchi moja kati ya nyingi. Marekani wimbo wa miaka ile unalindwa miaka 95 tangu ulipochapishwa. Picha za kipindi nazo zina mwenyewe, ambaye si mtunzi. Na YouTube haifanyi kazi kwa sheria ya Tanga: kampuni ni ya California, na ombi la kuondoa video linapimwa kwa sheria ya huko.

Kwa santuri, Marekani ilibadilisha hesabu mwaka 2018. Rekodi za sauti zilizotolewa kabla ya 1923 zilikuwa mali ya umma kuanzia Januari 2022. Zilizotoka kati ya 1923 na 1946 zinalindwa miaka 100, za 1947 hadi 1956 miaka 110, na za 1957 hadi katikati ya Februari 1972 zinalindwa mpaka tarehe 15 Februari 2067. Hesabu hiyo ni ya rekodi za sauti peke yake. Sauti iliyo ndani ya filamu au kipindi cha televisheni hufuata picha yake, na hapo kuna mtego mwingine: filamu nyingi za Marekani za kabla ya 1964 zilipoteza ulinzi kwa sababu wenyewe hawakuusajili upya baada ya miaka 28. Watu husikia hivyo wakahitimisha kwamba kila filamu ya zamani ni huru. Hapana. Ni lazima kumbukumbu za usajili zitafutwe, filamu moja baada ya nyingine, na hata ukikuta picha ni huru, wimbo unaopigwa ndani yake unaweza kuwa bado una mwenyewe.

Vitu vilivyo huru kweli vipo. King Oliver na bendi yake, Louis Armstrong akiwa kijana kwenye koneti ya pili, walirekodi kwa kampuni ya santuri ya Gennett huko Richmond, Indiana, mwaka 1923. Santuri hizo ni mali ya umma Marekani tangu Januari 2024. Ukipakia nakala uliyoitoa kwenye santuri ya asili na mitambo ya YouTube ya kutambua kazi, Content ID, ikaidai, hapo pinga bila hofu, una hoja. Kumbuka pia kwamba dai la Content ID si straiki. Linatokana na mashine kulinganisha faili, na mara nyingi mwenye haki huchagua tu kuweka matangazo yake. Straiki inatokana na ombi rasmi la mwenye haki kutaka video iondolewe, na zikifika tatu ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufutwa. Wewe umebakiza moja.

Sekunde 30 hazimo katika sheria yoyote ninayoijua. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuita matumizi ya haki maneno kama 300 tu yaliyochukuliwa kwenye muswada mzima wa kumbukumbu za Rais Gerald Ford, kwa sababu yalikuwa kiini chake. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa iliwazuia watengenezaji wa filamu ndefu ya maisha ya Elvis Presley waliotumia klipu zake za televisheni. Mahakama hiyo hiyo, mwaka 2013, iliruhusu sekunde 7 za mtangazaji wa televisheni Ed Sullivan akilitambulisha kundi la The Four Seasons ndani ya onyesho la jukwaani, kwa sababu klipu ilitumika kuonyesha tukio la kihistoria na waliotumbuiza hawakuonekana wakiimba. Kinachopimwa ni kazi uliyoipa klipu. Saa ya mkononi haikusaidii.

Sasa kijana wako. Wapo wengi, wanajiita mafundi wa straiki, na siku hizi wanatangaza waziwazi. Hila yao ya kwanza ndiyo hiyo ya kugeuza picha na kupandisha sauti. Kisheria haibadilishi kitu, isipokuwa sasa inaonekana ulikuwa unajificha. Na kwa mpenzi wa jazz ni dhambi! Geuza picha, Roy Eldridge anabonyeza vali za tarumbeta kwa mkono wa kushoto. Pandisha sauti, na ile zamu fupi ya Lester Young, noti chache zenye pumzi nyingi katikati, inakuwa ya mtu mwingine.

Hila ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi. Fundi anaingia kwenye akaunti yako na kutuma hati ya kupinga kwa jina lako. Hati hiyo si fomu ya malalamiko. Ni tamko chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwamba video iliondolewa kimakosa, na ndani yake unakubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani. Jina lako, anwani yako na simu yako vinapelekwa kwa mlalamikaji, ambaye ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi. Asipofungua, video inarudi, fundi anajisifu na kulipwa. Akifungua, aliyeapa ni wewe. Nimewaona watu waliogundua mwezi mzima baadaye kwamba wametia saini kitu wasichokisoma, kwa lugha wasiyoielewa.

Na msidhani haya ni ya Wamarekani tu. Wapo wanaopakia muziki wa dansi wakisema "ni wa zamani, ni wetu sote." Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979. Nyimbo alizotunga mwenyewe zinalindwa hapa nyumbani mpaka mwisho wa 2029.

Kwako, mzee wangu: usifute zile mbili, kufuta hakuondoi straiki. Video nyingine za televisheni zifiche kwanza zisionekane na umma. Kwenye taarifa ya straiki kuna barua pepe ya mlalamikaji. Mwandikie kwa adabu, mweleze kanda ulizipataje, na umwombe aondoe ombi lake. Baadhi hukubali. Asipokubali, subiri siku 90 bila kupakia kitu chenye utata. Ukianza tena, zungumza wewe: simulia nani anapiga nini, simamisha klipu fupi pale unapoielezea, na kwa onyesho zima waelekeze wenzako kwa mwenye nalo. Kanda zenyewe usizitupe. Andika juu ya kila moja kituo, tarehe na nchi uliyorekodi, maana hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa ukizipeleka kwenye hifadhi ya kumbukumbu.